Tetri Ishirini

Lifti ya jengo letu kule Gldani
ilikuwa haipandi bure. Unatia tetri ishirini,
inakohoa, inatafakari kama mdaiwa,
halafu inafunga milango, shingo upande.

Kaka yangu Vazha aliijua kwa hicho kikohozi
kabla hajayajua majina ya shangazi zetu.
Usiku, shavu ukutani: "Huyo ni wa ghorofa ya nane.
Amebeba mzigo."
Mara alipatia, mara alikosea.
Msidhani nasimulia mtoto wa miujiza:
hesabu zilimpiga chenga, kamba za viatu zilimshinda.
Ila lifti! Lifti alizila, alizinywa, alizilalia.
Kipendacho roho hula nyama mbichi;
roho ya Vazha ililamba grisi.

Kwenye harusi ya Lamzira, mjini Kutaisi,
watu walipoinua pembe za divai na hotuba za machozi,
yeye alikuwa kwenye lifti ya hoteli,
juu, chini, juu,
tangu supu hadi keki.
Bibi harusi alipopanda kwenda kubadili viatu
alimkuta amesimama wima ndani ya suti ya kuazima.
"Karibu," akamwambia,
kama mwenye nyumba.

Neno usonji lilifika baadaye, kwenye karatasi yenye muhuri.
Daktari akashauri: mpunguzieni. Nusu saa kwa siku.
Mama, asiyejua nusu, akazificha sarafu zote
kwenye kopo la unga wa mahindi.
Vazha hakulia. Angelia, ningekuwa nimesahau.
Alikaa ngazini na daftari lake
akiwasikiliza wengine wakipanda,
kama mfiwa asiyeonyeshwa kaburi.
Siku arobaini na moja. Nilizihesabu mimi.

Hata jioni moja ya Februari, theluji imegeuka tope,
Mama akarudi kutoka sokoni, akatua mifuko,
akachomoa kopo, akazamisha mkono,
ukatoka na ngumi ya unga na fedha.
"Haya," akasema. "Nionyeshe."

Nilipasha maharage mara mbili. Yakapoa mara mbili.
Nikaenda kuwatafuta, nikalipa yangu.
Mama ameketi kwenye sakafu ya lifti,
skafu imemteleza, vidole vyeupe,
na Vazha akaniambia: "Usiongee.
Kati ya ghorofa ya nne na ya tano
utausikia uzito mwingine, ule wa nyuma ya ukuta.
Sisi tukipanda, wenyewe unashuka.
Tunapishana. Unasema hhm."

Sikusikia kitu.
Nilisikia nyaya, na koo langu mwenyewe.
Ila niliviona vidole vyake vikianza,
vikitetema, vikipepea usawa wa masikio,
mpaka mwili wake mzima ukawa ndiyo.
Nimeolewa tangu siku ile, nimezaa, nimezika.
Sijawahi kufika mahali
nikafika kiasi kile.

Sasa ana miaka arobaini na mitatu,
anapanga mikate kwenye duka la Tsiuri,
na lifti yetu inataka kadi.
Sarafu aliiomboleza mwaka mzima.
Mimi nilihamia Rustavi, nyumba ya chini, yenye kiwanja.
Akija Jumapili husimama kwanza mlangoni,
macho yakitafuta kitufe,
anatazama mzabibu wangu, paa langu, mbwa,
kisha ananiuliza kwa upole,
kwa sauti ya mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa:
"Na ninyi hapa,
mnapandaje?"